Foliki imepandisha damu, mbona ganzi ya miguu inazidi?

Mfamasia, Wete:
Assalaam aleikum. Mama wa miaka 61, mgonjwa wa kisukari, yumo kwenye metformini, dawa ya kushusha sukari, gramu 1 kutwa mara mbili, mwaka wa 9 huu. Wekundu wa damu ulikuwa 8.4, MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) 112, akaanzishiwa asidi ya foliki, vitamini ya kutengenezea damu, miligramu 5 kwa siku. Wiki ya 6 wekundu umefika 11, lakini ganzi imetoka nyayoni hadi magotini, na gizani anayumba. Tuongeze foliki, au ni sukari tu?

Daktari, Unguja:
Waalaikumu ssalaam. Foliki msiongeze. Huo unafanana sana na upungufu wa vitamini B12, na foliki imeuficha.

Kimeng'enya (kichocheo cha mwilini) kinachoitegemea B12 hapa ni methionini sinthesi. Huivua foliki methili, kundi la kaboni moja, na kuivisha homosisteini, ikawa methionini (zote mbili ni asidi amino). Pasipo B12 kinasimama. Foliki inabaki imebeba methili yake, haina pa kuitua, wala kurudi ilikotoka haiwezi. Uboho unakosa foliki ya kutengenezea DNA, ndipo chembe nyekundu zikatoka kubwa na chache. Kidonge kinaingia kwa mlango mwingine, kinakipita kimeng'enya hicho kando, na damu inapanda. Neva hazina mlango huo: bila methionini, utando wa myelini unaozizunguka unaharibika.

Hidroksokobalamini (B12 ya sindano) miligramu 1, sindano ya msuli, siku moja mpeni, moja mruke, mpaka nafuu iache kuongezeka. Kisha kila miezi 2. Metformini iendelee. Siku za mwanzo pimeni potasiamu, chembe mpya huinyonya kwa kasi.

Maabara, Chake Chake:
Damu itolewe kabla ya sindano ya kwanza, lakini sindano isingoje majibu. B12 chini ya pikogramu 200 kwa mililita ni upungufu. 200 hadi 300 isikutulizeni, ombeni homosisteini. Chupa yake iwekwe kwenye barafu na plazma (maji ya damu) itenganishwe ndani ya saa 1, la sivyo chembe nyekundu zinaimwaga na jibu linapanda kwa uongo. Na MCV ya kawaida isiwadanganye: mwambao huu thalasemia ya alfa, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni nyingi, nayo huzipunguza chembe ukubwa. Tazameni slaidi ya damu: chembe nyeupe zenye kiini cha vipande 6 hudokeza upungufu.

Mfamasia, Wete:
Ahsanteni. Akila pweza na dagaa kwa wingi?

Daktari, Unguja:
Ale, ila havitoshi. Metformini inazuia B12 isinyonywe utumboni. Leo hii mfumbeni macho, shikeni kidole gumba cha mguu kwa pembeni, mkipandishe na kukishusha kidogo, naye aseme kimekwenda juu au chini. Akikosea upande, sindano isilale mpaka kesho.