Njia za miguu kando ya mto Pangani: ziwe bure au ziwe na kiingilio?

Mwana wa Gatini (mwanzisha mada)
Wadau, naleta hili mapema kabla mambo hayajaharibika. Daraja la Pangani na barabara ya Bagamoyo–Saadani–Pangani–Tanga vikishakamilika, wageni watamiminika. Si wote wanaotaka kupanda Kilimanjaro. Wapo watakaotaka matembezi mepesi: kutoka gatini kufuata mto kwenda juu kupitia minazini, au kuvuka Bweni, kuutazama mji kutoka kilimani, kisha kushuka mpaka mto unapomwaga baharini. Sehemu kubwa ni tambarare, hata mtu mzima mwenye magoti mabovu anaenda. Swali: njia hizi ziachwe wazi kwa kila mtu, au halmashauri iweke kiingilio na kila mgeni atembee na muongozaji? Mimi nasema mgeni wa nje alipe, mwenyeji apite bure. Karibuni.

Kifaru wa Korogwe
Mkuu, kiingilio cha kwenda kuona nini? Tope, mbu na mamba? Kutembea bila shughuli ni mambo ya Wazungu. Mtu wetu ukimwona anafuata mto kwa miguu, ujue bodaboda imemwishia mafuta. Tujadili barabara.

Bi Sululu
Kaka wa Korogwe, umeniudhi. Nani kakwambia hatutembei? Mama yangu ana kisukari, daktari kamwambia atembee kila siku. Tunatoka baada ya alasiri jua likishapoa, tunafuata mto taratibu. Tunawakuta wavuvi wanatengeneza nyavu, wanatusalimia, mama anapumzika chini ya mwembe, tunarudi. Hiyo nayo ni ya Kizungu? Na misafara ya bara iliyokuwa ikiteremka Pangani na pembe za ndovu ilikuja kwa basi?

Kifaru wa Korogwe
Dada, misafara ilikuwa na shughuli. Hata mama yako ana shughuli, katumwa na daktari. Nilichosema kiko palepale.

Mteule2
Ila kweli, mwanamke akipita kule peke yake anaulizwa katumwa na nani, anakwenda kwa nani. Mwanaume hakuna anayemuuliza. Hapo Kifaru hajapagusa.

Bi Sululu
Mteule, asante. Niliwahi kuulizwa hivyohivyo na kijana mdogo wa kumzaa.

Mpita Njia, Devon
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi niko Uingereza, jirani na mto Exe. Hapa ipo njia kutoka mji wa Exeter kufuata mlango wa mto mpaka Exmouth kwa upande wa mashariki, na ng'ambo mpaka Dawlish. Haina kiingilio. Akina baba wanasukuma vigari vya watoto, vikongwe na mikongojo yao, maji yakipwa ni tope tupu na ndege kibao. Halafu Uingereza na Wales njia ya umma inaweza kupita katikati ya shamba la mtu, na mwenye shamba haruhusiwi kuiziba. Njia hizo zimeandikwa kwenye ramani rasmi. Wenzangu, tusihangaike na bei ya tiketi. Tuhangaikie njia ziandikwe kabla viwanja vyote havijauzwa.

Kifaru wa Korogwe
Ninyi wa ughaibuni mkishavaa koti basi kila kitu "huku kwetu". Huko Devon kuna mamba?

Mpita Njia, Devon
Hakuna mamba. Ila mimi nimezaliwa Pangani na nimekua nikiogelea mto huo, kaka. Usinivue uenyeji kwa sababu ya koti.

Nahodha Mstaafu
Wanangu, poleni na mabishano. Mamba wapo, tusidanganyane. Wanaodhurika zaidi ni wanaoingia majini au kukaa ukingoni kabisa: wanaochota, wanaofua, wanaooga. Anayetembea juu ya kingo mchana, mbali na maji, hatari yake ni ndogo. Mimi ninachomhofia mgeni ni maji kujaa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kupwa na maji kujaa mwambao huu inapita mita 3. Ile njia ya ndani ya mikoko uliyoipita asubuhi mguu mkavu, saa chache baadaye iko kiunoni. Siku za maji mafu huna shida. Mgeni haijui hesabu hiyo. Kwa hilo tu, muongozaji ana kazi.

Mchu na Mkandaa
Mzee shikamoo, umenena. Na muongozaji afundishwe mikoko yenyewe. Mlilana uko mbele kabisa unapigwa na mawimbi, mkoko umesimama juu ya mizizi yake kama buibui, mchu unachomoza vijiti juu ya tope ili mizizi ipumue. Mtu akionyeshwa hayo hachoki kutembea. Tena mikoko ni msitu wa hifadhi chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo huwezi tu kufyeka ukapitisha njia.

Mzalendo Halisi
Muongozaji ni lazima, hata kwa historia. Mgeni anapita pale hajui kuwa Wajerumani walimnyonga Bushiri, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi yao, mwaka 1888 palepale Pangani.

Mteule2
1888 ndipo vita vilipoanza. Bushiri alinyongwa Desemba 1889.

Mzalendo Halisi
Ndugu, wewe ni wa wapi kwanza?

Mteule2
Tarehe inaulizwa kabila? Hili ndilo tunalolalamikia kwa waongozaji: mtu anasimulia kwa sauti kubwa, tarehe ya uongo, mgeni anaandika kwenye daftari lake.

Mzalendo Halisi
Bushiri alipigania uhuru wenu wote, mnakaa kubishania mwaka.

Kifaru wa Korogwe
Alipigania biashara yake vilevile. Tuseme yote.

Mzalendo Halisi
Kifaru, huna heshima kwa mtu aliyenyongwa!

Mteule2
Walioungana naye walikuwa na sababu zao: watu wa mji, watu wa bara, hata watumwa waliokimbia. Kampuni ya Kijerumani ilikuja kutwaa forodha na kushusha bendera ya Sultani wa Zanzibar. Hayo mgeni aambiwe yote, na mwenyeji pia.

Sheria Mkononi
Naomba kurudisha mjadala kidogo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto au ufukwe. Wengi wanadhani maana yake mita hizo ni njia ya umma. Siyo. Sheria inazuia mtu asijenge pale, lakini kuzuia ujenzi ni jambo moja na kukupa wewe haki ya kupita ni jambo jingine. Alichosema wa Devon ndicho kiini: bila njia kuchorwa kwenye ramani ya mipango miji, bure au kiingilio havina maana.

Mzalendo Halisi
Sheria Mkononi, na wewe unaona mwaka ni muhimu kuliko shujaa?

Bi Sululu
Achana na Bushiri jamani! Mita 60 zipi? Upande mmoja tulikuwa tunapita kila mara mimi na mama. Siku moja tunakuta nguzo mpya na seng'enge nyuzi nne mpaka kwenye tope. Mlinzi akasema mzungukie barabarani. Mama mwenye miguu inayokufa ganzi azungukie barabarani na malori! Tukarudi nyumbani, wiki nzima hakutaka kutoka. Kwa hiyo Mwana wa Gatini, unaponiambia mwenyeji atapita bure, mimi nakuuliza atapita wapi?

Mwana wa Gatini
Dada pole sana. Lakini mwenye kiwanja naye kanunua kwa hati, na watalii wakija ndiye atakayetoa ajira. Tusimgeuze adui.

Bi Sululu
Sijamwita adui. Nimesema kaziba njia.

Mkulima wa Juu
Mnagombea njia inayoliwa. Kingo zinamomonyoka. Maji yanatoka Kilimanjaro na Meru, yanakusanywa Nyumba ya Mungu, yanamwagilia mashamba ya watu huko juu, yanayotufikia huku hayana nguvu ya kuisukuma bahari. Chumvi inapanda mtoni. Minazi ya mzee wangu iliyo karibu na maji imekuwa vigogo visivyo na vichwa. Ukichora njia leo ichore mbali na kingo.

Kifaru wa Korogwe
Sasa huyu ndiye kaongea kitu.

Sheria Mkononi
Nani anajua kama njia ya akina Bi Sululu imo kwenye mchoro wowote wa mipango miji?

Nahodha Mstaafu
Haimo, mwanangu. Sisi tumeikuta, na wazee wetu waliikuta.

Sheria Mkononi
Basi mzee, maneno yako hayo yaandikwe. Wazee wanaoijua njia waitembee pamoja na mwenyekiti wa mtaa, waorodheshe inapopita, orodha ipelekwe kwa afisa ardhi kabla kiwanja cha pili hakijapimwa.

Bi Sululu
Mama yangu anaijua yote. Nipeni siku ya maji mafu, nimlete.