Naishi mbali na nyumbani: usingizi umevurugika, jua silioni, maneno ya lugha yangu yananichelewa. Nianze kurekebisha wapi?

Mkaaji_Mbali

Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri wa vitendo.

Nchi ninayoishi iko nyuma ya nyumbani kwa saa 8 majira ya baridi na saa 7 kiangazi. Natoka kazini saa 11 jioni, na nyumbani wakati huo ni saa 7 usiku, wamelala. Kwa hiyo nakesha mpaka saa 5 au 6 usiku, wao wanapoamka, ndipo tunaongea. Nalala saa 7, naamka saa 12 asubuhi. Jumamosi nalala hadi mchana. Msimu huu jua linazama saa 10 na nusu jioni, nami niko ndani siku nzima.

Kuna mengine mawili. Nikiongea lugha yangu, maneno ya kawaida kabisa yanachelewa kuja. Na nimeanza kuandika daftari la maisha yangu ya huku, lakini kila nikiandika naumia zaidi. Nifanye nini, na kwa mpangilio gani?

Saa_na_Majira

Anza na simu, kwa sababu ndiyo inayokula usingizi, na usingizi ukishaliwa hayo mengine yote yanakuwa mazito maradufu.

Chukua karatasi, chora mistari miwili ya saa 24, wa huku na wa nyumbani, uusogeze mmoja kwa saa 8. Weka kivuli kwenye saa za kulala na za kazi za kila upande. Kitakachobaki wazi kwa wote wawili ndicho dirisha lenu. Kwa ratiba uliyoeleza, siku za kazi dirisha zuri si usiku wako hata kidogo. Ni mapumziko yako ya mchana: saa 6 hadi saa 7 mchana huko kwako ni saa 2 hadi saa 3 usiku nyumbani, wamesharudi na hawajalala. Mwisho wa wiki ni asubuhi yako: saa 1 hadi saa 4 asubuhi kwako ni saa 9 hadi saa 12 jioni kwao. Hakuna hata simu moja inayokulazimu kukesha.

Panga simu 2 za katikati ya wiki za dakika 20 na moja ndefu ya Jumamosi. Ziandike kwenye kalenda ya simu ukitaja mji, ili kalenda yenyewe ihesabu tofauti ya saa. Na mkiandikiana miadi tumieni tarakimu za saa 24. "Saa mbili" bila kusema asubuhi au usiku, na bila kusema ya upande gani, imeshakosanisha watu wengi.

Angalia pia siku za kubadili saa. Marekani na Kanada, sehemu zinazobadili, husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sehemu kubwa ya Ulaya ni Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Majimbo ya Australia yanayobadili huenda kinyume: mbele Jumapili ya kwanza ya Oktoba, nyuma Jumapili ya kwanza ya Aprili. Kama ndugu zako wametawanyika mabara tofauti, kila Machi kuna wiki 2 au 3 ambazo miadi ya wote hupinda. Watumie ujumbe siku mbili kabla.

Bi_Subira

Naunga mkono ratiba, ila nitaongeza la ndani ya simu yenyewe. Watu wanaweza kuongea kila siku na bado wakawa wageni, kwa sababu simu nzima ni salamu, afya, hali ya hewa, kisha "haya, tutaongea". Upweke hauondolewi na idadi ya simu. Unaondolewa na kujua vijambo vidogo vya siku ya mwenzako.

Fanya hivi: simu moja kati ya hizo tatu isiwe ya mazungumzo. Iache wazi dakika 40, wewe unafua au unapanga vitu, nao wanaendelea na shughuli zao. Ukimya uruhusiwe. Katika simu nyingine, badala ya "habari za huko?" uliza kitu chenye jibu: mlango ule ulishatengenezwa? Mtoto amekaa dawati la nani? Daktari alisema arudi lini? Kisha nawe toa kijambo cha ukubwa uleule. Ukificha kila kitu kibaya ili wasiwe na wasiwasi, nao watakuficha vyao, halafu mtakuwa mnapigiana simu za maonyesho.

Mkaaji_Mbali

Asanteni sana. Dada Subira, hilo la simu za maonyesho ndilo hasa. Swali: nikizima simu usiku nilale, ikitokea dharura nyumbani je? Hofu hiyo ndiyo inayonifanya nilale na simu mkononi.

Saa_na_Majira

Usizime. Tumia hali ya usinisumbue, halafu weka ruhusa kwa watu 2 au 3 tu. Simu nyingi pia zina kipengele cha kupitisha mpigaji anayerudia: kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3, kwenye Android kwa kawaida ni dakika 15. Kosa linalotokea ni kudhani ruhusa hiyo inafanya kazi kwenye kila programu. Mara nyingi imewekewa simu za kawaida za laini, na simu ya intaneti ikazuiliwa kimya kimya. Kwa hiyo fanyeni jaribio: mwambie ndugu apige kwa njia zote mbili wakati hali hiyo imewashwa, uone ipi inalia.

Kisha chagueni mtu mmoja wa kuleta habari nzito. Mmoja tu, na wa akiba mmoja. Makundi ya familia hueneza habari nusu nusu, na wewe uliye mbali huwezi kutoka nje kwenda kuhakikisha. Kubalianeni kwamba jambo lisilo la dharura halipigiwi simu nje ya dirisha. Baada ya wiki chache, simu ikikaa kimya usiku itakuwa na maana ya kwamba kila kitu kiko sawa, na mwili utaanza kuamini hivyo.

Nesi_Zamu

Kuhusu usingizi na giza. Usijaribu kuhama kutoka saa 7 usiku hadi saa 4 na nusu kwa siku moja, utalala macho wazi ukihesabu dari. Sogeza muda wa kulala mapema kwa dakika 30 kila baada ya siku 3. Kwa saa mbili na nusu hizo ni kama siku 15. Muda wa kuamka usiuguse: saa 12 asubuhi kila siku, na mwisho wa wiki usizidishe saa moja. Kulala hadi mchana Jumamosi ndiko kunakokufanya usilale Jumapili. Kahawa ya mwisho iwe angalau muda wa saa 8 kabla ya kulala, maana kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini.

Mwanga sasa. Mtu aliyezoea siku ya saa 12 mwaka mzima akihamia nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta anakuta siku ya katikati ya baridi haifiki saa 6. Mwili hupima wakati kwa mwanga unaoingia machoni asubuhi. Taa za ndani ya nyumba kwa kawaida hazifiki lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga), ilhali nje hata kukiwa na mawingu unapata maelfu. Hatua ya kwanza haina gharama: toka nje dakika 20 hadi 30 kukishapambazuka, au shuka kituo kimoja kabla utembee. Kama huwezi, taa ya tiba ya lux 10,000, dakika 20 hadi 30, ndani ya saa moja baada ya kuamka, macho wazi lakini usiikodolee.

Hapa ndipo watu hukosea: hiyo lux 10,000 ni kwa umbali fulani tu. Taa ndogo nyingi huifikia kwa sentimita 15 au 20, umbali ambao hakuna anayekaa. Ukirudi nyuma mara mbili ya umbali, mwanga unaweza kushuka hadi karibu robo. Soma maelezo, tafuta inayotoa kiwango hicho kwa sentimita 40 au zaidi, na iwe imechujwa miale ya urujuanimno. Usiitumie jioni, itachelewesha usingizi. Kichwa kikiuma, punguza hadi dakika 10 kisha panda taratibu. Mwenye ugonjwa wa retina, mwenye maradhi ya hisia kupanda na kushuka, au anayetumia dawa zinazoongeza wepesi wa kuathiriwa na mwanga, amwone daktari kwanza.

Taa hiyo haitengenezi vitamini D, kwa kuwa miale inayohusika imechujwa. Hilo ni jambo la peke yake. Ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza. Uingereza hushauri mikrogramu 10 kwa siku, yaani vizio 400 vya kimataifa, msimu wa mapukutiko na baridi, na kwa wenye ngozi nyeusi wafikirie kuitumia mwaka mzima. Usizidishe mikrogramu 100 kwa siku bila daktari ukidhani nyingi ndiyo bora.

Na hili nalisema kwa uzito: huzuni ikidumu siku zote kwa wiki 2, usione raha katika chochote, au ukaanza kufikiria kifo, hapo si hamu ya nyumbani tena. Nenda kwa daktari, na likiwa la mawazo ya kujidhuru piga namba ya dharura ya nchi uliyopo siku hiyohiyo.

Kalamu_na_Daftari

Mkuu, maneno hayajapotea. Kwa mtu mzima anayeishi mbali, kinachodhoofika kwanza ni kasi ya kulichomoa neno, si sarufi. Neno usilolitumia linakaa chini ya rundo. Na simu za salamu hazisaidii, maana zinazungusha msamiati uleule.

Kila jioni simulia kwa sauti, dakika 5, kazi uliyofanya leo, bila kuchanganya lugha. Neno likikwama usikimbilie lugha ya huko. Lizunguke: "kile cha kuzuia mlango usifunge". Ukimaliza, andika yaliyokwama, yatafute, kisha kila moja litumie mara 3 katika ujumbe wa sauti wa wiki hiyo. Ongeza kusoma kwa sauti dakika 10, ukibadilisha mada: leo ufundi, kesho kilimo, keshokutwa sheria. Na mwombe mtu wa nyumbani akueleze hatua kwa hatua namna ya kufanya kitu anachokijua. Vitenzi ndivyo vinavyopotea kimya kimya, na maelezo ya kazi yamejaa vitenzi.

Daftari ndilo ninalotaka kukaa nalo zaidi. Unaandika vitu viwili katika daftari moja, navyo havikai pamoja.

Cha kwanza ni maumivu. Hayo yana utaratibu wake. Watafiti wa saikolojia James Pennebaker na Sandra Beall, katika utafiti wao wa 1986, waliwaandikisha watu dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza. Fuata kipimo hicho: weka saa, andika bila kujali tahajia, ikilia weka kalamu. Siku ya nne ikiisha, funga. Mtu anayeandika uchungu uleule kila usiku kwa miezi anauchimba, hautoi. Ikiwa mada moja inakulemea kupita kiasi, ibadilishe. Na usiandike saa 6 usiku ukiwa na njaa ya usingizi. Saa hiyo kila kitu kinaonekana kimeshindikana.

Cha pili ni maisha ya kila siku, na hiki ndicho cha kudumu. Mistari 5: kitu ulichokiona, sauti, harufu, neno jipya la huko, na jambo moja ambalo hukulielewa. Weka tarehe na hali ya hewa. Usiweke hukumu. "Watu wa huku ni baridi" haina kazi baada ya mwaka. "Jirani amenishikia mlango, hakusema neno, akangoja mpaka nilipopita" ina kazi, kwa sababu siku moja utaisoma na kuona kwamba alikuwa anakusalimu.

Kinachokuumiza, nadhani, ni kulinganisha. Unaweka siku yako mbaya ya huku kando ya siku bora ya kumbukumbu. Dawa yake ni kuidai kumbukumbu ushahidi. Ukiandika "nyumbani tulikuwa tunakaa pamoja kila jioni", hapohapo ongeza: siku gani, nani alikuwepo, nani hakuwepo, tuliongea nini. Mara nyingi utakuta jioni tatu nzuri na nyingine nyingi za kawaida. Hamu haiondoki, na haina haja ya kuondoka, lakini inarudi kwenye ukubwa wake. Hamu hii ni ya zamani: daktari Johannes Hofer aliiandikia tasnifu huko Basel mwaka 1688, akaitungia jina, nostalgia, kwa maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu. Usisome ulichoandika kabla ya miezi 3.

Mkaaji_Mbali

Nimeandika yote. Kuna jambo sijauliza ambalo ningepaswa kuuliza?

Bi_Subira

Mawili ya haraka. Laini ya nyumbani usiiache ife. Isipotumika kwa muda, kampuni huifunga na namba ikapewa mtu mwingine, nawe benki inakutumia namba za siri huko huko. Weka kikumbusho cha kuitumia kila mwezi, na akaunti zinazoruhusu zihamishie kwenye programu ya uthibitisho, inayotoa namba hizo bila kutegemea laini.

La pili, fedha ya tiketi ya kurudi ikae peke yake, isiguswe. Angalia leo pasi yako inaisha lini, kwani nchi nyingi hutaka miezi 6 iliyobaki, na kama kibali chako cha ukaazi kinakuruhusu kutoka na kurudi. Kuna wanaopata msiba, wakapanda ndege, kisha wakazuiwa kurudi kazini.

Nesi_Zamu

Nami la mwisho: usianze yote Jumatatu moja. Wiki ya kwanza hamisha simu ziende mchana na ushike saa ya kuamka, basi. Wiki ya pili mwanga. Mistari mitano ya daftari ianze ukishapata usingizi wa urefu wa saa 7 kwa usiku, na zile siku 4 za kuandika maumivu zisubiri mpaka uwe umelala vizuri wiki nzima.