Saa za darubini ya James Webb: je, sayari baridi zinapunjwa?

Mleta mada:
Wakuu, naomba hili tulijadili bila ushabiki. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021 na kugharimu takriban dola bilioni 10, haiwatoshi wanaoitaka. Katika awamu ya nne ya maombi, wanasayansi waliomba saa karibu 78,000, kama mara tisa ya zilizokuwepo. Pamoja na foleni hiyo, saa 500 za akiba ya mkurugenzi wa taasisi inayoiendesha zilitengwa kwa mradi mmoja: kuangalia kama sayari za mawe zinazozunguka nyota kibete nyekundu (nyota ndogo zenye mwanga hafifu) zina angahewa. Hadi sasa majibu ya sayari za aina hiyo hayatii moyo. Sayari ya TRAPPIST-1 b ilipimwa, upande wake wa mchana ukakutwa na joto la nyuzi 230 hivi na hakuna dalili ya angahewa. TRAPPIST-1 c nayo haikuonyesha angahewa nzito ya kaboni dioksidi.

Mimi nasema sayari baridi zipewe fungu lao. Nusu ya sayari nane za Jua letu ni majitu baridi yaliyo mbali. Kwingineko tumegundua maelfu ya sayari, lakini za namna hiyo ni chache, kwa sababu mbinu zetu haziziruhusu kuonekana. Njia iliyoleta sayari nyingi zaidi husubiri sayari ikatize mbele ya nyota yake. Jupita huzunguka Jua kwa karibu miaka 12. Anayetutazama kutoka mbali angesubiri muda wote huo aione ikikatiza tena, na hapo awe amebahatika kukaa kwenye mstari ulionyooka. Picha za moja kwa moja nazo zilikuwa za sayari changa. Zile za nyota HR 8799, ambazo tatu za kwanza zilitangazwa 2008, zilionekana kwa sababu bado zina joto la kuzaliwa.

Webb imebadilisha hali. Mwaka 2024 ilitoka picha ya sayari Epsilon Indi Ab, iliyo umbali wa miaka 12 ya mwanga, yenye uzito wa Jupita kama sita na joto la nyuzi 2 tu. Ili kuhisi joto hafifu namna hiyo, kamera yenyewe hupozwa hadi karibu nyuzi 266 chini ya sifuri, la sivyo ingepofushwa na joto lake. Na sayari haikukutwa ilikotarajiwa! Hesabu za kuyumba kwa nyota yake (nyota huyumba kidogo ikivutwa na sayari) zilitabiri sayari nyepesi zaidi, tena mahali pengine. Rekodi za miongo michache hazikutosha kwa mzunguko mrefu kiasi kile. Kama tunakosea kwa jirani wa karibu hivyo, za mbali tunazijua kweli?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeeleza vizuri ila umeruka jambo. Kodi za watu hazikutolewa ili tupigie picha mipira ya gesi. Watu wanataka kujua kama kuna uhai kwingine, na kwa vyombo vya leo, sayari za mawe ambazo angahewa yake tunaweza walau kuijaribu ni hizo za nyota kibete. "Hakuna angahewa" nalo ni jibu. Halafu darubini ya Nancy Grace Roman inakuja, inatarajiwa kugundua sayari baridi zaidi ya elfu moja. Kwa nini Webb ifanye kazi ya mwenzake?

Mchangiaji wa pili:
Naunga mkono. Nyota jirani Alpha Centauri A mmeisahau? Agosti 2024 Webb iliona nukta kando yake, ikadhaniwa huenda ni sayari. Wakarudi Februari na Aprili 2025, patupu.

Mleta mada:
Roman sijaisahau. Itategemea zaidi lenzi ya mvutano: nyota moja inapita mbele ya nyingine, mvutano wake unakuza mwanga wa ile ya nyuma, na sayari ikiwepo huongeza kinundu kidogo cha saa au siku chache kwenye mchoro wa mwanga. Basi, hakijirudii. Sayari OGLE-2005-BLG-390Lb iliyopatikana kwa njia hiyo na kutangazwa 2006, yenye baridi ya nyuzi kama 220 chini ya sifuri, iko zaidi ya miaka 20,000 ya mwanga. Uzito wake tumeukadiria. Angahewa yake ndiyo hivyo tena. Roman itatupa sensa, na sensa naitaka sana, lakini sensa haikuambii mtu anaumwa nini.

Kuhusu Alpha Centauri A, watafiti walipiga hesabu wakaona kwamba katika nusu ya mizunguko inayowezekana, sayari ingekuwa karibu mno na nyota kuweza kuonekana tarehe zile. Patupu hapo hapajathibitisha lolote. Na nyota yenyewe iko miaka 4 na ushei ya mwanga! Kuiachia hapo ndiko kupoteza saa zilizokwisha kutumika.

La uhai nakubali, ndilo lililowafanya watu wakubali kulipa. Ninachopinga ni saa zote 500 kuingia kapu moja. Data za awamu ya nne za Gaia, chombo cha Ulaya kilichopima mahali zilipo nyota, zimepangwa kutoka Desemba 2026, na zitatuonyesha nyota jirani zinazoyumbishwa na kitu kizito kilicho mbali nazo. Napendekeza mgao ujao utenge saa 100 za kuzifuatilia hizo. Anayeona 100 ni nyingi, aseme yeye angetoa ngapi na angezipeleka wapi.