Naomba ushauri: miaka miwili na nusu, bado haungi maneno mawili
Wadau, naombeni ushauri kuhusu mtoto wa kituoni kwetu hapa Mwanza. Ukimwambia "lete kiatu" analeta, ila maneno yake hayazidi 20. Umri wa miaka miwili wengi wanayo 50 hivi na wanaunga, "mama maji". Masikio yameshapimwa, yako sawa. Hilo ndilo la kwanza, maana maji yakijaa nyuma ya ngoma ya sikio mtoto husikia kwa shida bila yeyote kugundua.

Tunachuchumaa usawa wa macho yake na kuongeza neno moja juu ya lake: akisema "gari", tunajibu "gari linakwenda", kisha tunanyamaza na kuhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kunyamaza huko ndiko kugumu zaidi kwa walezi! "Sema maji!" tumeacha, akishurutishwa anajifunga kabisa. Kikombe tunakiweka anapokiona asikifikie, ili aombe.

Kinachokwamisha ni nyumbani: akinyoosha kidole tu, kaka zake wameshampa. Mnawafundishaje watoto wakubwa kusubiri? Na mtaalamu wa usemi kwa huku Kanda ya Ziwa anapatikana wapi?