Ukungu kwenye nyumba ya jeshi ugenini, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mume wangu ni askari, kapangiwa kituo nje ya nchi na tunaishi nyumba ya familia ndani ya kambi. Shida ni chumba cha watoto: ukuta wa nje una madoa meusi ya ukungu, na nyuma ya kabati rangi inabanduka ukiigusa tu kwa kidole. Mdogo anakohoa usiku, mchana hana neno.

Ofisi ya nyumba nimeipigia, nikaiandikia. Mafundi walikuja wakapaka rangi juu kwa juu, ukungu ukarudi palepale. Tunaambiwa tufungue madirisha. Tunafungua, na baridi yote hii! Mimi naona maji yanapenya kutoka nje, maana mvua ikinyesha doa linapanuka. Kwenye fomu ya makabidhiano ya nyumba ukuta umeandikwa kuwa ni mzima. Kabati lilikuwa limeuziba.

Mume anasita kumfikia mkuu wa kikosi, asionekane mlalamishi (jeshini mnakujua).

Kwa waliopitia haya: ombi la kubadilishiwa nyumba naweza kuliandika mimi mke, au lazima lipitie kikosini? Na cheti cha daktari wa kambi kinatosha, au nidai kwanza ukuta upimwe unyevu?