Msaada: swali la vipeuo na sehemu, hiyo alama ya kutoa imetoka wapi?

Daftari Jipya
Wakuu, naombeni msaada. Nimepewa hili nirahisishe:

(1/√x − 1/3) ÷ (x − 9)

Kitabu kimetoa jibu tu bila njia: −1 / [3√x(√x + 3)]. Sehemu za juu nimeziunganisha kwa KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 3√x, nikapata (3 − √x)/(3√x). Kuanzia hapo nimekwama. Sioni x − 9 imekwenda wapi, wala hiyo alama ya kutoa imetoka wapi. Mtihani umekaribia na maswali ya aina hii hayakosekani.

Njia Fupi
Mbona unajitesa? 1/√x − 1/3 andika 1/(√x − 3), halafu endelea.

Chaki Nyeupe
Njia Fupi, hapana, hiyo itampoteza. Weka x = 4 uone: 1/2 − 1/3 ni 1/6, ila 1/(2 − 3) ni −1. Sehemu hazitolewi hivyo.

Daftari Jipya, kazi yako ni sahihi mpaka ulipofika. Sasa iangalie x − 9 kwa jicho lingine. Kwa kuwa x ni √x mara √x, basi

x − 9 = (√x − 3)(√x + 3)

Juu una 3 − √x, ambayo ni −(√x − 3). Alama yako ya kutoa ndiyo hiyo. (√x − 3) inakatana juu na chini, juu inabaki −1, chini 3√x(√x + 3). Basi.

Vipeuo vikikuchanganya, andika u badala ya √x. Swali linakuwa (1/u − 1/3) ÷ (u² − 9), yaani aljebra ya kawaida kabisa. Mwishoni rudisha √x.

Daftari Jipya
Ahsante sana mkuu, nimeliona! Nimejaribu x = 4 kwenye swali na kwenye jibu, kote imetoka −1/30. Ila mwalimu husisitiza tusiache kipeuo kwenye asili, yaani chini ya sehemu. Niendelee kukiondoa?

Mama Hesabu
Mwanangu, ukikiondoa utapata (3√x − x) / [3x(x − 9)]. Si kosa, lakini umeirudisha ile x − 9 uliyohangaika kuikata! Kama swali halijadai, mimi ningeliacha jibu la kitabu.

Usisahau masharti: x iwe kubwa kuliko 0, na isiwe 9. Wengi hupuuza hapa kwa sababu kwenye jibu la mwisho 9 inakubali bila shida, inatoa −1/54. Kwenye swali lenyewe 9 inatoa 0/0, kwa hiyo katazo linabaki palepale. Ukifika kwenye kalkulasi utaikuta tena −1/54: ndiyo mteremko wa 1/√x pale x = 9.

Na hiyo alama ya kutoa ungeweza kuijua kabla ya kushika kalamu. x ikizidi 9, 1/√x inakuwa ndogo kuliko 1/3, kwa hiyo juu ni hasi na chini ni chanya. x ikipungua chini ya 9, mambo yanageuka. Vyovyote iwavyo jibu ni hasi.

Njia Fupi
Nimekuelewa, Chaki. Daftari Jipya, achana na ile yangu, fuata ya u.