RTX 4060 (NVIDIA), RX 7600 (AMD) au Arc B580 (Intel): ipi nichukue?

Kiberenge: Wakuu habari zenu. Nabadilisha kadi ya grafiki wiki hii, nimebaki na hizo tatu. Nacheza gemu za kila aina. Jibuni haraka, hela isije ikapata kazi nyingine.

FundiBodi: Haraka ya nini na hujasema kitu? Prosesa gani? Pawa saplai wati ngapi? Monita? Windows au Linux?

Makombora: Chukua 4060. Inakula wati 115 tu, wakati 7600 inafika 165 na B580 190. Halafu ina DLSS, ujanja wa kuongeza fremu, yaani picha kwa sekunde. Mengine ubishi.

Pengwini_Mzee: Ubishi unao wewe. Kwenye Linux AMD ndiyo mpango mzima, draiva (programu ya kuendesha kadi) imo humo humo kwenye keneli, kiini cha Linux, unachomeka unacheza. Hata Steam Deck, ile mashine ya gemu ya mkononi, ina chipu ya AMD. NVIDIA siku hizi inakwenda, ila gemu nyingi za DirectX 12 (mfumo wa grafiki wa Windows) zinapoteza fremu ukilinganisha na Windows.

Makombora: Gemu la Valorant linafunguka huko kwenye Linux yenu?

Pengwini_Mzee: Halifunguki, na kadi haihusiki. Ile programu ya Valorant ya kudhibiti udanganyifu haiendi Linux. Wala gemu lenyewe silitamani.

Kiberenge: Samahani wakuu. Ryzen 5 3600, madabodi ya B450, monita 1080p. Windows na Linux zote zimo. Pawa saplai haina maandishi.

FundiBodi: Haina maandishi?! Ing'oe hiyo kwanza. Halafu B450 ni PCIe 3.0, toleo la zamani la njia ya data kati ya kadi na madabodi, na kadi zote tatu zinatumia leni nane tu za njia hiyo. 4060 na 7600 zina memori ya 8GB. Ikijaa, data inapita kwenye njia hiyo finyu, gemu linaanza kukwama kwama. B580 ina 12GB, lakini inataka Resizable BAR (prosesa ifikie memori yote ya kadi kwa mkupuo) iwashwe kwenye BIOS, yaani mipangilio ya madabodi, na hata ukiiwasha draiva yake inailemea prosesa ya umri huo.

Dada_Fremu: Popote utakaponunua, ipime hapo hapo. Mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Kadi imetumika, boksi GTX 1050 Ti, stika 1050 Ti, hadi Windows inasoma 1050 Ti. Gemu nyepesi zikaenda, nikafurahi. Nikaja kwenye gemu linalotumia Vulkan, mfumo wa grafiki wa siku hizi, halifunguki kabisa. Nikabadilisha draiva, nikapiga Windows upya, wapi. Mtu akaniambia weka GPU-Z, programu ya kutambua kadi, ikaandika FAKE mbele ya jina. Ndani ilikuwa GTS 450, chipu ya mwaka 2010 isiyojua Vulkan, wamebadilisha BIOS ya kadi ijitambulishe kwa jina lingine! Muuzaji simu hapokei hadi leo.

Kiberenge: Pole dada. Mimi nachukua mpya, nadhani.

Dada_Fremu: Hiyo "nadhani" ndiyo inayoniogopesha.

Kobe77: Si ununue PS5 tu? Humo nako ni AMD, na hakuna cha draiva wala BIOS.

Makombora: PS5 ufanyie na kazi za ofisi?

Kobe77: Kwani yeye kasema ana ofisi?

Tunda_M2: Naomba kudandia uzi. Nina MacBook ya M2, chipu ya Apple wenyewe, naweza kuchomeka kadi kwa nje nicheze gemu?

FundiBodi: Hapana. Zilizokuwa zinakubali ni Mac za Intel.

Tunda_M2: Basi nicheze kwa GeForce Now, ile ya kucheza kupitia intaneti?

FundiBodi: Intaneti yako ina kasi gani?